Baba Ameiba Kondoo: Confucius, Mozi, Laozi na Han Fei, Umfuate Nani?

Mtawala wa She, eneo la China ya kale, alijisifu mbele ya Confucius. Kwetu, alisema, tuna mtu mnyoofu kwelikweli: baba yake alipoiba kondoo, mwana mwenyewe ndiye aliyemtolea ushahidi. Confucius akajibu kwamba kwao unyoofu una sura nyingine. Baba humsitiri mwana, mwana humsitiri baba, na unyoofu umo humo humo.

Maneno hayo yamo ndani ya Lunyu, mkusanyo wa semi za Confucius ulioachwa na wanafunzi wake. Hayafiki hata nusu ukurasa. Hata hivyo wanafikra wa China waliyagombania kwa zaidi ya miaka mia mbili, na naona ndiyo njia fupi ya kuzipambanua shule zao. Maelezo mengi humwaga istilahi kwanza: utu, adabu, Njia, sheria, msomaji akimaliza anabaki ameshika majina tu. Mimi nitawapa wote kesi hii moja ya wizi, kisha niseme ni yupi ningemfuata, na wapi.

Kwanza, kwa nini suala la utulivu liliwatesa kiasi hicho? Ukoo wa Zhou, ulioshika utawala karibu mwaka 1046 KK, uliigawa nchi kwa ndugu na washirika: mfalme juu, watawala wa majimbo chini yake, kila mmoja na daraja lake na ibada zake. Mwaka 771 KK mji mkuu wa magharibi ulivamiwa, mfalme akauawa, na ukoo ukahamia mashariki, Luoyang. Tangu hapo mfalme wa Zhou alikuwa na heshima isiyo na jeshi. Majimbo yalimezana mpaka yakabaki saba makubwa, nayo yakapigana hadi Qin ilipoyamaliza yote mwaka 221 KK. Kwa hiyo usiwafikirie hawa kama wazee waliokaa kivulini wakitafakari maisha. Wengi walikuwa wakitafuta kazi ya ushauri kwa watawala, na ushauri mbovu uliweza kuigharimu nchi nzima.

Confucius: aibu kabla ya kiboko

Confucius (551–479 KK) alizaliwa katika jimbo la Lu, mahali panapoitwa leo Qufu, mkoani Shandong. Kwake utulivu huanzia nyumbani na kupanda juu. Mtu hajifunzi heshima kwa kusomewa amri. Hufundwa na wazazi, na akishafundwa ndipo anapojua namna ya kukaa na mkubwa, mdogo, mgeni na mtawala. Ukimhimiza mwana amshtaki baba, utampata mwizi mmoja, lakini utakuwa umepavunja mahali pekee ambapo raia wema hulelewa.

Hoja yake nzito kuliko zote ni hii: ukiwaongoza watu kwa amri na kuwanyoosha kwa adhabu, watajifunza kukwepa adhabu na hawatakuwa na aibu. Ukiwaongoza kwa wema na kuwanyoosha kwa adabu, watakuwa na aibu, na watajirekebisha wenyewe. Aibu ina faida moja ambayo polisi hawana: inafanya kazi hata pasipo mtu wa kukuona.

Wengi humchukua kuwa mzee mpole wa kuhubiri utii kwa wakubwa. Si kweli. Ji Kangzi, waziri ambaye familia yake ilikuwa imempokonya mtawala wa Lu madaraka yake, alimlalamikia kuwa wezi wamezidi nchini. Confucius akamwambia: kama wewe mwenyewe usingekuwa na tamaa, watu wasingeiba hata ungewalipa waibe. Yaani alimwambia mwizi mkubwa, usoni, kwamba wezi wadogo wanamwiga yeye.

Mengzi (takriban 372–289 KK), aliyeiendeleza shule hii, alikwenda mbali zaidi. Asiye na riziki ya uhakika, alisema, hawezi kuwa na moyo wa uhakika. Kumwacha raia afukarike kisha kumwadhibu anapoiba ni kumtegea mtego. Na ile kesi ya baba, yeye aliulizwa kwa ukali zaidi. Tuseme baba wa Shun, mfalme mtakatifu wa zama za kale, ameua mtu. Shun afanye nini? Mengzi akajibu kuwa hakimu amkamate, na Shun hana haki ya kumzuia. Shun angeutupa ufalme kama mtu anavyotupa kiatu kilichochakaa, ambebe baba yake mgongoni kwa siri, akimbilie pwani, aishi huko kwa furaha akiwa ameisahau dunia. Tazama ujanja wa jibu hilo: sheria haikupindishwa kwa ajili ya mtukufu, na mwana hakumsaliti baba. Gharama imelipwa na mwenye cheo, kwa kukiacha cheo.

Lakini kuna jambo linanikera katika kisa cha kondoo, na sioni kama wapenzi wa Confucius wanalitilia maanani ya kutosha. Mwenye kondoo hatajwi. Tunaambiwa habari za baba, za mwana, za unyoofu wa ukoo. Aliyeamka asubuhi akakuta zizi limepungua hana sauti. Hilo si sahau la bahati mbaya. Mfumo unaopima wajibu kwa ukaribu wa damu siku zote utampunja mtu wa mbali. Ukoo wenye nguvu utawasitiri watu wake vizuri sana, na mnyonge atasubiri aibu iwashike.

Mozi: na mwenye kondoo je?

Mozi (takriban 470–391 KK) alianzia hapo hapo. Chanzo cha vurugu zote, alisema, ni kupendelea chako: mwizi anaipenda nyumba yake na hajali ya mwenzake, ndiyo maana anaiba; mtawala anaipenda nchi yake na hajali ya jirani, ndiyo maana anavamia. Dawa ni kuwajali wote bila upendeleo. Wapinzani walicheka kuwa hilo haliwezekani. Akawauliza: ukiwa unasafiri safari ya hatari, mke na watoto utamwachia nani, mtu anayejali wake tu, au anayejali wa wenzake kama wake? Hata anayeipinga hoja hii kwa mdomo, alisema, wakati wa kuchagua atamchagua huyo wa pili.

Wizi aliutumia kujenga hoja ninayoiona kali kuliko zote za zama zile. Mtu akiingia shamba la mwenzake akaiba matunda, watu humlaumu. Akiiba kuku na nguruwe, kosa ni kubwa zaidi. Ng'ombe na farasi, zaidi. Akiua mtu na kumvua nguo, zaidi. Kisha mtawala anavamia nchi nzima, na wasomi wanaandika sifa zake. Anayeona weusi kidogo akauita weusi, alisema, kisha akaona weusi mwingi akauita weupe, huyo hajui rangi.

Naye hakuishia kwenye maneno. Aliposikia kuwa fundi mashuhuri Gongshu Ban ameiundia nchi ya Chu ngazi za kuvamia nchi ya Song, alitembea siku kumi mchana na usiku hadi kwa mfalme wa Chu. Hapo alivua mkanda, akaulaza uwe ukuta, akapanga vijiti viwe silaha. Fundi akashambulia mara tisa kwa mbinu tisa, Mozi akazuia zote tisa. Fundi akadokeza kuwa bado ana njia moja, nayo ni kumuua Mozi papo hapo. Mozi akamjulisha kuwa wanafunzi wake mia tatu wako tayari juu ya kuta za Song, na vifaa vyake mikononi. Vita ikafutwa. Wakati wa kurudi alipita Song, mvua ikinyesha, akaomba kujikinga langoni, mlinzi akamkatalia.

Hukumu ya shule yake kwa kesi yetu tunayo, na inatisha. Fu Tun, kiongozi wa wafuasi wa Mozi aliyeishi Qin, alikuwa na mwana aliyeua mtu. Mfalme Hui wa Qin akamhurumia: wewe ni mzee, huna mwana mwingine, nimeshaamuru asiuawe. Fu Tun akakataa. Sheria ya wafuasi wa Mozi, alisema, ni kwamba anayeua hufa na anayejeruhi huadhibiwa. Kuzuia watu wasiuane ni haki kuu ya dunia. Mwanawe akauawa.

Ukimtaka Mozi, mchukue na upande wake wa pili. Zamani, alieleza, kila mtu alikuwa na haki yake kichwani, na kwa sababu hiyo watu waliishi kama wanyama. Utulivu ulikuja walipopata mkuu mmoja, na kila ngazi ikalinganisha mema na mabaya yake na ngazi ya juu: kijiji kwa mkuu wa kijiji, mkuu wa kijiji kwa mtawala wa nchi, mtawala kwa mfalme, mfalme kwa Mbingu. Anayejua jema au baya apeleke habari juu. Mtu aliyeanza kwa kumtetea mgeni ameishia kuhimiza jamii nzima iwe na wazo moja. Muziki wa fahari na maziko ya gharama alivipinga pia, kwa kuwa havimshibishi mwenye njaa. Sishangai kwamba shule hii, iliyokuwa mpinzani mkuu wa Confucius, ilififia baada ya nchi kuunganishwa. Ilidai moyo ambao watu wachache wanao, na nidhamu ambayo dola ilitaka kuishika yenyewe.

Laozi na Zhuangzi: nani aliyemfanya mwizi?

Kitabu cha Daodejing, kinachobeba jina la Laozi, hakiamui kesi. Kinahoji kwa nini kuna kesi. Usitukuze mali adimu, kinasema, watu hawataiba. Kadiri amri na sheria zinavyozidi kutangazwa, ndivyo wezi wanavyozidi. Watu wana njaa kwa sababu walio juu wanakula kodi nyingi mno. Kutawala nchi kubwa ni kama kupika dagaa: ukiwageuzageuza, wanavurugika.

Zhuangzi, mwanafikra mwingine wa shule hii, ana ulimi mkali zaidi. Anayeiba kifungo cha mkanda anauawa. Anayeiba nchi anakuwa bwana, na hapo hapo kwenye lango lake utu na haki vinahubiriwa. Linganisha na Mozi: wote wawili wameona jambo lile lile, kwamba wizi mkubwa huitwa jina jingine. Mozi alipoliona alifunga safari kwenda kuuzuia. Zhuangzi alilicheka na kukataa cheo.

Hapa nina onyo kwa wanaoipenda shule hii kwa sababu ya ule upole unaosambazwa kwenye picha za machweo. Sura ya tatu ya Daodejing inasema pia kwamba mtakatifu hutawala kwa kuyajaza matumbo ya watu na kuiacha tupu mioyo yao, wasiwe na maarifa wala tamaa. Na kijiji bora cha sura ya 80 ni kile ambacho watu wanasikia jogoo na mbwa wa jirani, lakini wanazeeka na kufa bila kutembeleana. Mimi nisingependa kulelewa hapo. Kama breki kwa mtawala anayependa kuamuru kila kitu, Laozi hana mpinzani. Kama mpango wa kumlipa mwenye kondoo, hana la kukupa.

Shang Yang na Han Fei: usitegemee moyo wa mtu

Shang Yang alifika Qin akitafuta kazi, na kuanzia mwaka 356 KK aliibadilisha nchi. Kabla ya kutangaza sheria mpya alisimamisha nguzo kwenye lango la kusini la soko, akaahidi vipande kumi vya dhahabu kwa atakayeihamisha hadi lango la kaskazini. Watu wakashangaa, hakuna aliyejitokeza. Akapandisha hadi hamsini. Mtu mmoja akaibeba, akalipwa palepale. Somo lilikuwa fupi: serikali hii ikisema, inatenda.

Kisha kaya zikafungwa katika makundi ya tano na kumi, zikichungana na kuwajibika pamoja. Msomaji wa Tanzania asikimbilie kuwaza balozi wa nyumba kumi. Huko Qin asiyeripoti kosa alikatwa vipande viwili kiunoni, na aliyeripoti alizawadiwa sawa na aliyeleta kichwa cha adui. Vyeo vilitolewa kwa vichwa vilivyokatwa vitani, si kwa ukoo. Mrithi wa kiti alipovunja sheria, hakuguswa, lakini walimu wake wawili waliadhibiwa, mmoja wao kwa kuchanjwa uso. Mrithi huyo ndiye aliyekuja kuwa mfalme Hui, yule yule aliyetaka kumsamehe mwana wa Fu Tun.

Aliyeiandika falsafa ya haya vizuri kuliko wote ni Han Fei (takriban 280–233 KK), mwana wa ukoo wa kifalme wa nchi ya Han, mwenye kigugumizi. Alisoma kwa Xunzi, mfuasi wa Confucius aliyeshikilia kuwa maumbile ya mtu ni mabaya na hunyooshwa kwa mafunzo. Han Fei alichukua nusu ya kwanza ya somo, ya pili akaiacha.

Katika sura yake maarufu ya wadudu watano, yaani aina tano za watu anaodai wanaila nchi, anaileta tena kesi ya kondoo, ila kwa mwisho mwingine: mwana alipomripoti baba, waziri mkuu wa Chu aliamuru auawe huyo mwana kwa kukosa heshima kwa mzazi. Kando yake anaweka kisa cha askari wa Lu aliyekimbia vitani mara tatu. Confucius akamuuliza kwa nini. Akajibu ana baba mzee, na akifa hakuna wa kumtunza. Confucius akamsifu na kumpendekeza apandishwe cheo. Matokeo, anasema Han Fei: Chu uhalifu haukuripotiwa tena, na askari wa Lu wakawa wepesi kukimbia. Mwana mwema wa baba anaweza kuwa mhaini kwa nchi. Huwezi kuwatunza wote wawili kwa zawadi ileile. Iwe visa hivyo vilitokea kama alivyovisimulia au alivinoa ili vikate, hoja yenyewe sijaona mfuasi wa Confucius aliyeijibu sawasawa.

Ana hoja nyingine mbili ambazo hazijazeeka. Ya kwanza ni ya dhahabu ya mto. Kusini mwa Chu kulikuwa na mto wenye dhahabu, na walioiiba waliuawa kwa ukatili sokoni, wengi hata maiti zikaziba maji. Wizi haukukoma. Kwa nini? Kwa sababu si lazima mtu akamatwe. Ungempa mtu dunia nzima kwa sharti la kuuawa kwa hakika, asingeichukua. Uhakika wa kukamatwa ndio unaozuia, kuliko ukali wa adhabu. Wangapi wanaopigia kelele adhabu kali leo wamewahi kulifikiria hilo?

Ya pili ni kuhusu watawala. Watakatifu kama Shun huja mara moja katika vizazi elfu, na madhalimu wakubwa vivyo hivyo. Wengi ni watu wa kati tu. Confucius anakuomba usubiri mtakatifu; Han Fei anataka utaratibu ambao mtu wa kawaida akiushika, nchi inakwenda.

Nani anamfunga mtawala?

Hapa ndipo ningekuomba uwaweke kwenye mizani kwa makini, maana wote wanajua kumshughulikia mwizi wa kondoo kuliko mwizi wa nchi.

Han Fei ndiye dhaifu kuliko wote. Sheria yake inamshika waziri na mkulima, lakini chanzo chake ni mtawala na mwisho wake ni mtawala. Yeye mwenyewe alikwenda Qin, akatiwa gerezani, na Li Si, aliyekuwa amesoma naye kwa Xunzi, akampelekea sumu. Shang Yang naye, mtawala aliyekuwa akimkingia kifua alipofariki mwaka 338 KK na mfalme Hui kushika kiti, alikimbia. Usiku akaomba chumba kwenye nyumba ya wageni. Mwenye nyumba, bila kumtambua, akakataa: sheria ya bwana Shang inatuadhibu tukimpokea mgeni asiye na hati. Mwili wake ulikuja kupasuliwa kwa magari ya farasi.

Mozi anamfunga mtawala kwa Mbingu na mizimu inayoadhibu. Laozi anamwomba ajifunge mwenyewe. Confucius anamwekea washauri wenye ujasiri wa kumkosoa. Mengzi peke yake ndiye aliyefika mwisho: wananchi ndio wa kwanza, mtawala ndiye mwepesi kuliko wote, na alipoulizwa kama ni halali kumuua mfalme, alijibu kuwa amesikia habari za kuuawa kwa jambazi mmoja aitwaye Zhou (jina tu linafanana na la ukoo wa Zhou), mfalme wa mwisho wa ukoo wa Shang uliowatangulia, hajasikia habari za kuuawa kwa mfalme. Hakusema nani aamue lini, wala kwa utaratibu gani.

China yenyewe ilichagua nini

Qin ilishinda kwa njia ya Shang Yang na ikaanguka ndani ya miaka kumi na mitano. Simulizi ya mwanahistoria Sima Qian ni kwamba mwaka 209 KK kikosi cha watu mia tisa kilicheleweshwa na mvua. Adhabu ya kuchelewa ilikuwa kifo, basi viongozi wao wakaona heri kuasi. Ni simulizi tamu, lakini mwaka 1975 kaburi la ofisa wa Qin lilifukuliwa Shuihudi, mkoani Hubei, likiwa na zaidi ya vipande elfu moja vya mianzi vyenye maandishi ya sheria. Humo, kuchelewa kwenye kazi za umma kwa siku tatu hadi tano ni karipio, zaidi ya hapo ni faini ya ngao au vazi la vita, na mvua inasamehewa. La kushangaza zaidi, kwa makosa ya ndani ya kaya sheria hiyo inakataza kupokea mashtaka ya mwana dhidi ya mzazi. Aking'ang'ania, mwana ndiye mwenye hatia. Hata dola iliyosifika kwa ukali iligundua kuwa kuna mlango isiopaswa kuuvunja.

Waliofuata, ukoo wa Han (jina tu linafanana na la nchi ya Han Fei), walijaribu kila kitu kwa zamu. Mwanzilishi wao alitangaza sheria tatu tu, za kuua, kujeruhi na kuiba. Hazikutosha, ikabidi ziandikwe nyingine. Miongo ya mwanzo wakatawala kwa mkono mwepesi uliompendeza Laozi. Chini ya mfalme Wu (141–87 KK) vitabu vya Confucius vikawa ndiyo elimu ya maofisa. Mwaka 66 KK mfalme Xuan akaamuru kwamba mwana anayemficha mzazi, mke anayemficha mume na mjukuu anayemficha babu au bibi wasiadhibiwe. Confucius alikuwa ameshinda kesi, zaidi ya karne nne baada ya kufa. Lakini mfalme huyo huyo, mrithi wake alipomlalamikia kuwa anatumia adhabu mno, alimjibu kuwa nyumba ya Han ina utaratibu wake wa kuchanganya mkono mkali na wema, na akaguna kwamba huyu mwana ndiye atakayeivuruga familia. Sheria za ukoo wa Tang za mwaka 653 zilibaki na ruhusa ile ya kusitiriana, isipokuwa kwa uhaini. Na China ya leo, kwa marekebisho ya mwaka 2012, haimlazimishi mwenzi, mzazi au mtoto wa mshtakiwa kusimama mahakamani kutoa ushahidi.

Basi, uchague yupi?

Swali la upole au ukali halikusaidii kuchagua. Mimi naangalia umbali uliopo kati ya watu wanaohusika. Wanapofahamiana, kama katika ukoo, darasa, msikiti, kanisa au kikundi cha kuweka na kukopa, ningemfuata Confucius bila kusita: aibu inafanya kazi, na sheria nyingi huua kuaminiana. Wasipofahamiana, kwenye forodha, zabuni, barabara kuu, ningemfuata Han Fei, kwa sababu huko "kusitiriana" maana yake ni rushwa. Ila ningeongeza mahakama inayoweza kumshika mtawala mwenyewe, jambo ambalo yeye hakulitaka. Kati ya makabila, madhehebu au nchi, Mozi, yaani ule mtihani wa kumwachia mtu mke na watoto, lakini nisingegusa fundisho lake la wazo moja. Laozi ningempa yule ambaye ameshashika madaraka, asome kabla ya kusaini amri nyingine.

Wa kusoma kwanza si Confucius, ingawa kila mtu atakuambia hivyo. Ukiwa na jioni moja, soma sura ya 49 ya Han Feizi, ile ya wadudu watano: anawashambulia wenzake, kwa hiyo unapata ubishi mzima mahali pamoja. Kisha Lunyu, sura ya 2, 12 na 13, ukiwa na hoja zake kichwani. Baadaye Mengzi, na kwa Mozi sura ya 14 hadi ya 19, za kujali wote na za kupinga vita, zinarudiarudia, vumilia. Daodejing ni fupi kuliko vyote, sura 81, na ndiyo maana wengi huanza nayo. Iache ya mwisho. Bila kujua inabishana na nani, utaisoma kama mashairi ya kutuliza moyo, wakati nusu yake ni siasa.